Mwenzangu kanukuliwa mara 61 kapita, mimi 214 nimerudishiwa. Kosa liko wapi?

#1 MwaniBahari
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Mimi ni mtafiti wa mwani, nipo Tanga mjini. Uzamivu nilisomea nje, nikarudi nyumbani. Mwaka jana niliomba ukaazi Marekani kwa njia ya NIW, ile unayojiombea mwenyewe bila mwajiri. Niliona jalada langu limeshiba: makala 11, nukuu 214, barua 6 za mapendekezo, majarida 9 niliyoyahakikia makala. Kurasa 400 na ushei, wakili kazipanga vizuri na vibandiko vya rangi.

Juzi imeingia barua ya kudai ushahidi zaidi. Wanakiri kazi ina maana, ila sijaonyesha umuhimu wake kwa taifa lao, na eti barua zangu zinasifu tu bila kusema nani aliitumia kazi yangu na alibadilisha nini.

Kinachoniuma ni hiki. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, yeye ni mtu wa takwimu za mbu, kanukuliwa mara 61 tu. Kapita bila kuulizwa swali. 61! Wajuzi nisaidieni.

#2 Jahazi_la_Pangani
Nachukua siti ya mbele, kahawa na kashata ninavyo.

#3 KakaTakwimu
Mkuu, kabla ya jibu nina swali. Hizo 214 umezigawa? Zimetoka makala gani, wewe ni mwandishi wa ngapi, na ngapi kati ya hizo mmejinukuu wenyewe? Namba moja kubwa ni kama gunia lililofungwa mdomo, hujui ndani mchele au pumba.

#4 ShangaziNgamiani
Samahanini wanangu, kunukuliwa ndiyo nini? Kutajwa? Maana mimi barabara ya 12 hii natajwa kila siku na sijapewa viza hata ya Lungalunga.

#5 MwaniBahari
Shangazi 😂😂 ni mtafiti mwingine kuandika makala yake akasema "haya nimeyatoa kwa fulani". Hata akikutaja kwa kukupinga, inahesabiwa.

@KakaTakwimu kusema kweli sijawahi kuzigawa. Nilipiga picha ukurasa wa Google Scholar nikaweka.

#6 ShangaziNgamiani
Hata kwa kukupinga? Basi mimi profesa.

#7 Mtu_wa_Ughaibuni
Tatizo lako si nukuu kabisa. NIW inapimwa kwa uamuzi wa Dhanasar wa Desemba 2016, nao una mambo matatu. La kwanza, shughuli unayotaka kuifanya kule ina thamani na ina umuhimu wa kitaifa. La pili, wewe ndiye uliyejiandaa kuiendeleza. La tatu, ukipima pande zote, Marekani inafaidika zaidi ikikusamehe masharti ya mwajiri na uthibitisho wa soko la ajira.

Sasa angalia: nukuu zako zote zinajibu jambo la pili, zinaonyesha ulikotoka. La kwanza linauliza unakokwenda. Umeleta kurasa 400 za historia kwa mtu aliyekuuliza safari.

#8 Kipepeo77
Mbona mimi nilisikia vigezo ni 10, ukipata 3 umepita?

#9 Mtu_wa_Ughaibuni
Hiyo ni EB-1A, ya wenye uwezo wa kipekee. Na hata huko kufikisha 3 si kupita. Tangu kesi ya Kazarian ya mwaka 2010, afisa anahesabu vigezo kwanza, halafu anapima jalada zima kwa pamoja kama kweli uko juu kabisa kwenye fani. Watu wanaitaja kesi ile kama ushindi wa watafiti. Kazarian mwenyewe, mtu wa fizikia, alionekana ana vigezo viwili tu, akakosa.

#10 FundiBahati
Mnamzungusha bure. Ni bahati ya afisa. Kuna aliyeamka vizuri, kuna aliyegombana na mkewe. Namjua jamaa alipeleka jalada, likadaiwa ushahidi, akajibu kwa karatasi zilezile kapanga upya, kapita. Mtaniambia nini?

#11 KakaTakwimu
Tutakuambia alizipanga upya. Hiyo nayo ni kazi.

#12 MwaniBahari
Nimezigawa. Nimekaa hapa kwenye ngazi, nimenyamaza.

137 ni za makala moja ya mapitio ya maandishi ya watu wengine, tuko waandishi 23, mimi ni wa 7. 31 ni sisi kwa sisi, mimi na msimamizi wangu. Zinabaki 46. Hizo ndizo zangu hasa, na karibu zote ni za makala moja: kuhamishia cottonii, aina ya mwani, kwenye maji ya kina kwa nyavu ndefu za mfuko, badala ya vigingi na kamba kwenye maji mafupi yanayochemka.

#13 KakaTakwimu
Hapo sasa. Muulize na mwenzio 61 zake zimekaaje. Nabashiri: mwandishi wa kwanza, makala mbili, wanaomnukuu ni maabara za watu asiowafahamu, na wanaandika "tulitumia njia ya fulani". Nukuu moja ya "tulitumia" nakupa 50 za "tazama pia".

Kitu kingine, fani hazilingani. Kwenye malaria watu ni wengi, makala ni nyingi, kila mtu anamnukuu mwenzake. Kwenye mwani wa kitropiki mpo wangapi duniani? 46 hizo weka pembeni ya makala nyingine za mwani za mwaka uleule uone zimesimama wapi. Ukiwa kwenye kundi la juu la fani yako kwa mwaka ule, afisa anaelewa. Ukimwachia namba tupu anailinganisha na ya daktari wa saratani aliyempitisha jana.

#14 BaharaBagamoyo
Nije na yangu, niko huku Bagamoyo. Wengi wetu huku tumepita kwenye tafiti kubwa za malaria. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya RTS,S lilikuwa na vituo 11 kwenye nchi 7, watoto 15,459, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na kwenu huko Korogwe. Oktoba 2021 WHO ikaipendekeza chanjo. Athari gani kubwa kuliko hiyo? Lakini makala za aina hiyo zina waandishi kama orodha ya abiria wa meli.

Mimi kwenye kazi moja ya namna hiyo nilikuwa upande wa data. Nilipoomba Uingereza, ile viza ya wenye vipaji, Global Talent, mara ya kwanza nilijaza: "nilishiriki utafiti uliobadilisha sera ya dunia". Waliokuwa wanithibitishe wakanikatalia. Na walikuwa na haki, maana hata dereva wa gari la mradi alishiriki.

Mara ya pili nilimwendea kiongozi wa mradi. Nilimwomba asinisifu, aeleze tu. Akaandika aya moja: kwamba mahudhurio ya wagonjwa yalikuwa yanapotea kati ya zahanati na ofisi, kwamba mimi ndiye niliyebuni fomu ya kulinganisha kadi ya mtoto na daftari la zahanati kila Ijumaa, na kwamba vituo vingine viliichukua fomu hiyo. Basi. Nikaambatisha fomu yenyewe, ina doa la chai pembeni. Hiyo ndiyo iliyonivusha, nadhani. Siapi.

#15 Jahazi_la_Pangani
"Siapi" 😂 mtu wa takwimu huyu.

#16 BaharaBagamoyo
Nyongeza: majarida mengi siku hizi yana sehemu ya mchango wa kila mwandishi, na kuna mpangilio wa majukumu 14 unaoitwa CRediT. Kama makala yako inayo sehemu hiyo, ichape na jina lako lipigwe rangi. Watu wanaisahau na iko palepale mwishoni mwa makala.

#17 MkongeMmoja
Mimi nawaangalia tu. Mnajua nani angekosa hiyo NIW? Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge. Mwaka 1893 kaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, imefika Tanga ikiwa hai 62. "Mwombaji amepoteza zaidi ya asilimia 93 ya sampuli. Tafadhali leta ushahidi zaidi."

#18 MzeeWaRaskazone
Aliagiza 1892, miche ikafika 1893. Tuweke sawa. Na mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge. Hiyo ndiyo barua yake ya mapendekezo, imechukua miaka 71.

#19 MkongeMmoja
Shikamoo Mzee. Basi chukua na huu: mseto namba 11648, mkonge uliotokana na kazi ya watafiti wa Amani na Mlingano hapa hapa Tanga. Leo ukienda Uchina mashamba ya mkonge kwa sehemu kubwa ni huo. Aliyeuvusha mche ule, nukuu zake ngapi? Mkulima wa Uchina hanukuu, anapanda.

#20 MzeeWaRaskazone
Marahaba. Na huo ndio ugonjwa wa jambo hili. Kazi ikishaenea sana watu wanaacha kumtaja aliyeianzisha.

#21 DaliliNjema
Wakuu mnaohangaika na nukuu, nina kifurushi. Nukuu 100 ndani ya wiki 6, majarida ya kimataifa, na uhakiki wa makala napanga. Njoo faragha tuongee

#22 KakaTakwimu
Haya, kafika dalali.

#23 Mtu_wa_Ughaibuni
Msimguse huyo hata kwa upondo. Ukikamatwa umedanganya kwenye jambo la msingi la ombi, huzuiwi mwaka wala miwili, ni maisha, hadi upate msamaha maalumu. Nukuu 100 kutoka majarida matano yasiyojulikana ndani ya mwezi mmoja hata mtoto anaziona.

#24 Msimamizi
Mtumiaji wa #21 amefungiwa. Endeleeni, na tusitoke sana nje ya mada.

#25 ShangaziNgamiani
Mngemwacha kidogo nijue bei.

#26 BintiChumbageni
Hakuna aliyegusa barua. @MwaniBahari, hizo sita nani aliziandika? Usiniambie "waliosaini". Nauliza nani aliziandika.

#27 MwaniBahari
…wakili aliandika rasimu, nikawatumia.

#28 BintiChumbageni
Nilijua. Nimewahi kuletewa barua ya namna hiyo nisaini, ya mwenzangu wa kazini. Kwa udadisi nikamwomba nizione na nyingine. Barua tatu, watu watatu, nchi tatu, na zote zina sentensi moja kwamba yeye ni "nguzo isiyo na mbadala", na zote tatu neno "mbadala" limekosewa pale pale, "mdabala". Nikamwambia mdogo wangu, kwa hali hii utapata nguzo, ila nyumba hakuna.

Swali lingine, kati ya hao sita wangapi hujawahi kuandika nao wala kusoma kwao?

#29 MwaniBahari
Mmoja.

#30 BintiChumbageni
Basi kosa nimeliona, tusitafute lingine. Barua inayobeba uzito ni ya mgeni: mtu wa Ufilipino au Indonesia aliyesoma makala yako, akajaribu nyavu, akaona kitu. Hakujui, hakudai, hana sababu ya kukupamba. Katika hizo nukuu 46 wamo. Wafuate.

#31 Mtu_wa_Ughaibuni
Dada nakubali barua zina shida, ila "kosa nimeliona" ni haraka. @MwaniBahari kwenye maelezo ya shughuli uliandika utakwenda kufanya nini hasa?

#32 MwaniBahari
Kueneza kilimo cha cottonii Hawaii.

#33 Mtu_wa_Ughaibuni
Lahaula.

Mkuu, cottonii ilipelekwa Hawaii miaka ya 1970 kwa majaribio, ikatoroka. Kwenye Ghuba ya Kaneohe inahesabiwa gugu vamizi, inafunika matumbawe. Wametumia hadi mashine ya kuunyonya kutoka baharini, wakaachia na viumbe wenye miiba waule. Wewe umekwenda kuwaambia utawaongezea.

#34 Jahazi_la_Pangani
Kahawa imenipalia.

#35 MkongeMmoja
Sawa na kumpelekea mtu wa Lushoto barua kwamba una mpango wa kuanzisha kilimo cha baridi.

#36 MwaniBahari
Jamani. Hilo la Hawaii wakili ndiye aliyeliongeza. Mimi rasimu yangu ilisema "mbinu za kustahimili joto la bahari". Yeye akasema iwe mahali mahususi. Nilikuwa nimechoka, nikasaini.

#37 KakaTakwimu
Lakini ligeuze basi! Unajua kinachoiua cottonii: joto, ugonjwa wa ncha kuwa nyeupe, vimelea vinavyojishika. Anayejua kinachoiua ndiye anayetakiwa Kaneohe.

#38 Mtu_wa_Ughaibuni
Polepole. Ukijibu barua hii huruhusiwi kuleta shughuli mpya. Ulitakiwa uwe umestahili siku ile ulipowasilisha. Kufafanua ruksa, kugeuza hapana. Kama ndani ya jalada lile kuna mahali ulipotaja joto na magonjwa, hapo ndipo pa kusimama. Na unajibu mara moja tu, kila kitu kwa pamoja, ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua. Kwa kawaida hauzidi siku 84 pamoja na nyongeza ndogo ya posta, na hawaongezi.

#39 FundiBahati
Nasisitiza bahati. Afisa mwingine asingejua hata cottonii ni nini. Angedhani pamba.

#40 MzeeWaRaskazone
Nitasema lisilopendeza. Nyote mnasaidiana namna ya kuondoka. Wale akina mama wa Mkinga wanaosubiri bamvua waende shambani, mbegu zao zikifa nani atawatazamia? Au nao waombe NIW?

#41 MwaniBahari
Mzee, shikamoo. Sina jibu la hilo. Mradi uliisha, mshahara ukaisha nao. Huko kijijini nakwenda kwa nauli yangu.

#42 MzeeWaRaskazone
Marahaba mwanangu. Sikukulaumu wewe.

#43 Kipepeo77
Mnaongea kana kwamba mlango uko wazi. Desemba 2025 rais wa Marekani alitoa tangazo, Tanzania ikaingia kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya sehemu, viza za ukaazi zimo. Hata ukipita unakwenda wapi?

#44 BaharaBagamoyo
Ndiyo maana mimi nilitazama upande wa pili, Uingereza. Ila na kule hakuna bure: ada ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na unalipa yote mwanzoni. Mke na watoto kila mmoja na yake. Piga hesabu ukiwa umekaa.

#45 Mtu_wa_Ughaibuni
@Kipepeo77 uko sahihi, na kila anayeanza leo asome tangazo hilo kabla ya kumlipa wakili. Ila kuidhinishiwa ombi na kupewa viza ni mambo mawili. Ombi likipita linabaki na tarehe yake ya foleni. Huyu ameshalipa na kuwasilisha, akiacha kujibu ndiyo amelitupa.

#46 MwaniBahari
Nimerudi, samahani kwa kimya. Nilikwenda kijijini Mkinga, nimelala siku mbili.

Nilikuwa natafuta mtu wa kuniandikia barua. Mwenyekiti wa kikundi akaniambia barua hajui kuandika ya Kizungu, ila daftari analo. Akalitoa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa zimevimba kwa maji chumvi, zinang'ang'aniana. Kila bamvua wameandika tarehe, jina, kamba ngapi, nyavu ngapi, kilo kavu. Mwanzo nyavu ni 0, 0, 0. Halafu mama mmoja ana 2. Halafu wale wa pembeni yake. Mwaka uliofuata 12. Safu ya cottonii iliyokuwa imefutwa kwa mstari, kwa sababu ilikuwa inakufa wakabaki na aina nyingine, spinosum, tu, imeandikwa tena kwa kalamu nyingine.

Makala yangu ilitoka kabla ya hayo. Mimi sikuwafundisha wale wa pembeni. Walifundishana.

#47 BintiChumbageni
Umenitoa machozi na niko kazini.

#48 KakaTakwimu
Hiyo ni data. Piga picha kila ukurasa na tarehe zionekane. Ila mimi nitakuwa mbaya kidogo: inaonyesha athari Mkinga. Umuhimu wa kitaifa walioutaka ni wa taifa lao. Daftari peke yake halivuki bahari hiyo.

#49 BaharaBagamoyo
Linavuka likiwa pamoja na barua ya yule mgeni wa Ufilipino. Moja linaonyesha mbinu inafanya kazi kwa wakulima, nyingine inaonyesha imetoka nje ya kwenu.

#50 Mtu_wa_Ughaibuni
Bado halijibu jambo la kwanza la Dhanasar. Nitalisema hadi nizikwe.

#51 MwaniBahari
Wageni wawili wa nukuu zile wamejibu. Mmoja kakubali, mwingine anasema alijaribu nyavu zikamshinda kwa mawimbi, ila yuko tayari kuandika hivyohivyo.

#52 BintiChumbageni
Mchukue! Barua inayosema "hapa ilifaa, hapa haikufaa" ndiyo inayoaminika.

#53 FundiBahati
Mchukue uone 😂 Afisa atasoma "haikufaa" akafunga jalada.

#54 MwaniBahari
Swali la mwisho kwa leo. Daftari ni la Kiswahili. Nikagonge muhuri BAKITA?

#55 Kipepeo77
Lazima BAKITA, bila hapo hawapokei.

#56 Mtu_wa_Ughaibuni
Kwa Marekani si lazima. Wanataka tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba ni kamili na sahihi na kwamba yeye anaziweza lugha zote mbili. Muhuri hauharibu, lakini sharti ni hilo. Usijitafsirie mwenyewe tu, mtafute mtu.

#57 MwaniBahari
Kamili maana yake kila neno? Nauliza kwa sababu katikati ya ukurasa wa 31, kati ya kilo za mwani, kuna madeni. Sukari, unga, mchango wa arusi. Kuna mama deni lake la sukari limeandikwa mara nne na mara ya nne limezungushiwa duara.

#58 Mtu_wa_Ughaibuni
Kila neno kwenye ukurasa unaoupeleka.

#59 ShangaziNgamiani
Yaani Marekani wote wajue mtoto wa watu hajalipa sukari? Mwanangu, kwanza nenda kamlipie.

#60 MwaniBahari
Nimempigia mwenyekiti. Anasema alishalipa zamani, walisahau tu kufuta. Anauliza kama anaweza kufuta sasa hivi kabla sijapiga picha.

#61 KakaTakwimu
ASIFUTE KITU.